Buli la Chai kwa Udongo wa Nyumbani: Ushauri kwa Wafinyanzi wa Kasugho na Nyanda za Juu za Lubero

Buli, yaani birika dogo la udongo ambamo majani ya chai huachwa yatoe rangi na ladha kabla chai haijamiminwa vikombeni, humjaribu mfinyanzi kuliko chungu kikubwa cha kupikia maharagwe, kwa sababu si chombo kimoja bali ni vinne vilivyounganishwa: mwili, mdomo wa kumiminia, mkono wa kushikia na kifuniko. Kila kimoja huumbwa peke yake, huwa na unene wake na hukauka kwa kasi yake, lakini vyote vinatakiwa kusinyaa kwa kipimo kimoja, la sivyo kiungo kitapasuka au kifuniko kitakataa kuingia mahali pake. Makala haya yanawalenga wale wanaotaka kulifinyanga buli kwa gurudumu huko Kasugho, Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, na hoja yake kuu ni kwamba ubora wa chombo hiki huamuliwa zaidi na usimamizi wa unyevu, katika saa na siku zinazofuata kazi ya gurudumu, kuliko wepesi wa mikono juu ya gurudumu lenyewe.

Katika nyanda za juu za Lubero hoja hiyo ina uzito wa pekee. Butembo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, katika mwinuko wa takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na milima ya eneo hilo hupata mvua katika sehemu kubwa ya mwaka, hivi kwamba chombo ambacho katika nchi kavu kingekauka kwa siku chache huku kinaweza kudai wiki mbili. Mwinuko huo una athari nyingine inayomhusu mnywaji moja kwa moja: maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi za Selisiasi badala ya 100, na kwa kuwa chai nyeusi hutoa ladha yake vizuri zaidi katika maji yaliyo moto sana, joto hilo lililokwisha kupungua halifai kupotezwa tena na chombo kibaya. Kwa sababu hiyo buli la milimani linafaa kuwa la duara, kwa maana umbo la duara lina uso mdogo zaidi wa kupotezea joto kwa ujazo uleule, liwe na kifuniko kinachoziba vizuri, na liwe la udongo wenye unene wa kutosha kutunza joto lililopokewa pale linaposuuzwa kwa maji ya moto kabla ya kutiwa majani. Chai yenyewe haitoki mbali, kwani Butuhe, jirani na Butembo, pana mashamba na kiwanda cha chai, na ni jambo la kusikitisha kwamba zao la milima hiyohiyo huandaliwa katika vyombo vya plastiki na bati vilivyosafirishwa kutoka ng'ambo.

Gurudumu si chombo cha asili katika ufinyanzi wa Maziwa Makuu. Vyungu vya eneo hili vimefinyangwa kwa karne nyingi, mara nyingi na akina mama, kwa kupandisha miviringo ya udongo mmoja juu ya mwingine na kuilainisha kwa kigae au kibuyu, na gurudumu liliingia baadaye kupitia shule na warsha za karne ya 20. Haifai kudhani kwamba njia ya zamani ni duni. Mabuli yanayosifiwa kuliko yote duniani, yale ya Yixing nchini China, kwa desturi hayavutwi juu ya gurudumu bali huundwa kwa vipande vya udongo vilivyopigwa na kuunganishwa kwa mkono, na Magdalene Odundo, mfinyanzi mashuhuri aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja nchini Nigeria katika miaka ya 1970 akajifunza upandishaji wa miviringo kutoka kwa mabingwa kama Ladi Kwali, ambaye sura yake imechapishwa kwenye noti ya naira 20. Faida ya gurudumu kwa buli ni moja tu, lakini ni kubwa: hutoa viduara sahihi, na kifuniko hudai usahihi huo. Kijana aliyezoeshwa udongo na mama yake kwa njia ya miviringo ana mikono inayojua tayari mambo ambayo mwanafunzi wa gurudumu peke yake huyatafuta kwa muda mrefu.

Kazi huanzia mabondeni. Udongo wa kufinyangia hupatikana hasa kandokando ya vijito na vinamasi, chini ya tabaka la udongo mweusi wenye mizizi, na mahali pa kuanzia kuuliza ni kwa mafundi wa matofali ya kuchoma na kwa wanawake wanaofinyanga vyungu, ambao wanayajua mabonde yao vizuri kuliko mtaalamu yeyote mgeni. Udongo uliopatikana huviringishwa uwe na unene wa kalamu, kisha huzungushwa kwenye kidole: ukipasuka vibaya hauna mnato wa kutosha kwa gurudumu. Tone la maji ya limau hudondoshwa juu ya donge kavu, na likitoa povu ni ishara kwamba mna chembe za chokaa, ambazo baada ya kuchomwa hunyonya unyevu wa hewa, huvimba na kubandua vipande vya chombo hata wiki kadhaa baada ya kutoka tanurini. Baada ya hapo hutengenezwa kipande bapa cha udongo chenye urefu wa sentimita 14, huchorwa juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, nao hupimwa tena baada ya kukauka na baada ya kuchomwa.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho wanaoanza hukidharau, na ndicho kinachowagharimu. Mstari wa sentimita 10 ukirudi na sentimita 8.8, udongo umesinyaa kwa asilimia 12 katika urefu, lakini ujazo hupungua katika urefu, upana na kina kwa pamoja, hivyo chombo hubaki na asilimia 68 tu ya ujazo wake wa awali. Maana yake ni kwamba anayetaka buli la lita 1 anapaswa kulifinyanga likiwa na uwezo wa kuchukua karibu lita 1 na nusu, na anayekadiria kwa jicho atajikuta na buli la vikombe vitatu pale alipoahidi vitano.

Usafishaji wa udongo una siri moja inayowashangaza wengi: udongo mkavu kabisa huyeyuka majini upesi na vizuri kuliko udongo wenye unyevu. Kwa hiyo madonge huanikwa hadi yakauke, hutwangwa, hutiwa kwenye pipa la maji na kuachwa bila kukorogwa kwa siku moja au mbili, ndipo urojo wake huchujwa kwa wavu wenye matundu madogo, huachwa utuame, na maji ya juu huondolewa. Katika hali ya hewa ya Lubero urojo hauwezi kutegemewa kukauka wenyewe juani, na njia nzuri ni kuutia katika mifuko ya kitambaa kizito iliyotundikwa chini ya paa au kuutandaza juu ya matofali makavu yanayofyonza maji. Udongo unaposhikika huongezwa vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa vizuri, kiasi cha sehemu moja kwa sehemu kumi, kwa sababu chembe hizo zilizokwisha kuchomwa hazisinyai tena na hufungua vinjia vya kutolea unyevu. Zisiwe kubwa, kwani gurudumu huzigeuza kuwa msasa unaochubua vidole. Baada ya hapo udongo hufungwa katika plastiki na kuachwa kwa wiki kadhaa, muda ambao huuongezea mnato.

Kuhusu gurudumu lenyewe, lile la kupigwa kwa mguu, lenye sahani ndogo juu na gurudumu zito la zege chini, vyote vikiwa kwenye mhimili mmoja, linafaa kuliko la umeme katika vijiji ambako umeme ni wa kubahatisha, na fundi wa kuchomelea vyuma mwenye beringi za gari kuukuu ana uwezo wa kuliunda.

Donge la kilo 1.2 linatosha kwa mwili wa buli lililotajwa. Hukandwa hadi lisiwe na hewa ndani, hubandikwa juu ya sahani, na kwa mikono iliyotulia hukitwa katikati, yaani hulazimishwa lizunguke bila kuyumba hata kidogo. Likishafunguliwa, sakafu yake huachwa na unene wa milimita 8 hivi na kukandamizwa kwa vidole kutoka ukingoni kuelekea kati, kwa kuwa sakafu isiyokandamizwa hupasuka wakati wa kukauka. Kuta huvutwa juu mara tatu au nne, kwanza kwa umbo la mcheduara, kisha tumbo husukumwa nje kutoka ndani na shingo hukazwa polepole kwa vidole vya mikono yote miwili. Hapa maji ni adui: kila tone linaloongezwa hulegeza bega la chombo, na bega lililolegea huanguka ndani. Anayezoea kulainisha kwa kipande cha kibuyu au mbao badala ya maji hupata bega imara zaidi. Kinywa cha juu hufaa kiwe na upana usiopungua sentimita 8 kikiwa kibichi, ili mkono wa anayeosha uweze kuingiza kitambaa, na ukingo wake huachwa mnene, kisha nusu yake ya ndani hukandamizwa chini kwa kijiti ili kutengeneza kikalio, yaani kidaraja ambacho kifuniko kitakaa juu yake.

Kifuniko hufinyangwa siku hiyohiyo, kwa udongo wa donge lilelile, kikipimwa kwa vijiti viwili vya mwanzi vilivyofungwa pamoja mithili ya bikari, na huachiwa nafasi ya milimita 1 hadi 2. Kiwe na ukosi unaoshuka ndani ya shingo kwa sentimita 2, ili kisidondoke buli linapoinamishwa kumimina chai ya mwisho, na kitobolewe tundu dogo la hewa, kwa sababu pasipo hewa kuingia chai hutoka kwa kukwama na kurukaruka.

Mdomo ndio sehemu inayotofautisha buli na pambo. Hufinyangwa kwa gramu 300 hivi katika umbo la pia nyembamba, yaani mpana chini na mwembamba juu, kwa kuwa mkondo unaobanwa polepole huenda kwa kasi na hukatika vizuri. Kilele chake hukatwa kwa waya na kuachwa na ukingo mkali ulioinamishwa kidogo sana. Ukingo wa mviringo, ambao macho huupenda, huifanya chai ijikunje, ishike udongo na kuteremka kwenye tumbo la buli hadi kwenye kitambaa cha meza. Mdomo uliofinyangwa kwa gurudumu una tabia nyingine isiyoonekana mapema: udongo uliopindwa na mzunguko huendelea kujipinda wakati wa kuchomwa, hivyo ncha iliyokatwa sawasawa hutoka tanurini imeegemea upande. Dawa yake ni kuchoma kwanza midomo miwili au mitatu ya majaribio iliyowekewa alama, kuona inaelekea wapi na kwa kiasi gani, kisha kuikata inayofuata ikiegemea upande wa pili kwa kiasi hicho. Ncha ya mdomo isiwe chini ya ukingo wa shingo, kwa kuwa maji hutafuta usawa, na buli lenye mdomo mfupi humwaga chai mezani kabla halijajaa. Kijiti kilichonyooka kikilazwa juu ya shingo huonyesha mara moja kama urefu unatosha.

Mahali mdomo utakapobandikwa, ukuta wa mwili hutobolewa matundu ya kuzuia majani. Tundu la mdomo lenye kipenyo cha milimita 12 lina eneo sawa na matundu 9 ya milimita 4, na kwa kuwa baadhi ya matundu huzibwa na majani, yanahitajika 15 hadi 20, la sivyo chai itatoka kwa unyonge hata mdomo uwe umeumbwa vizuri namna gani. Chai ya chembe ndogondogo inayouzwa sana katika Afrika Mashariki hupenya matundu hayo bila shida, na mtumiaji bado atahitaji chujio kikombeni. Kupunguza ukubwa wa matundu ili kuizuia ni kosa, maana yataziba kabisa.

Sasa inafika hatua ambayo haipaswi kuharakishwa. Mwili, mdomo na kifuniko huachwa vifikie hali ya nusu ukavu, ambapo udongo umekaza kiasi cha kushikwa bila kubonyea lakini bado unakubali kuchongwa na kisu. Mdomo, ukiwa mwembamba, hufika huko saa nyingi kabla ya mwili, na kuunganisha sehemu kavu na sehemu mbichi ni kuandaa ufa. Suluhisho ni kuvifungia vyote katika ndoo moja yenye kifuniko usiku kucha, ili unyevu ugawanyike. Asubuhi kitako cha mwili huchongwa, mdomo hukatwa upande wa chini ili ushike tumbo bila mwanya, nyuso zote mbili huchanjwa kwa mistari ya kukatizana, hupakwa urojo wa udongo uleule, na mdomo hukandamizwa huku ukitikiswa kidogo hadi ugome kusogea. Kipande chembamba cha udongo hujaza kiungo kwa nje. Mkono, uliovutwa kwa kiganja chenye maji na kuachwa ukaze, hubandikwa mwisho, na chombo hutazamwa kutoka juu kuhakikisha kwamba mdomo, kishikio cha kifuniko na mkono viko katika mstari mmoja. Anayeogopa uzito wa mkono wa udongo anaweza kubandika vitanzi viwili mabegani na baadaye kufunga mpini wa mwanzi unaopita juu, ambao hauunguzi vidole na hubadilishwa ukivunjika.

Buli lililounganishwa hufunikwa lote kwa plastiki kwa siku mbili bila kuguswa, ili unyevu wa sehemu moja uhamie nyingine kupitia viungo. Baada ya hapo plastiki hulegezwa kidogo kidogo, huku ncha ya mdomo na mkono zikiendelea kuvikwa vipande vyake vya plastiki, kwa sababu ndizo hukauka kwanza na kusinyaa zikivutana na mwili ambao bado haujasinyaa. Chombo kiwekwe juu ya fito ili kitako kipate hewa, kifuniko kikiwa mahali pake, mbali na dirisha lenye upepo na mbali zaidi na mafiga ya jikoni, ambako upande mmoja hukauka na mwingine ukabaki mbichi. Kuna njia rahisi ya kujua kama kimekauka: kitako hugusishwa shavuni, na kikihisiwa cha baridi kuliko hewa ya chumba, maji bado yamo. Msimu wa mvua kubwa jibu hilo la baridi huweza kuendelea kutolewa siku baada ya siku, na mfinyanzi hana budi kulitii.

Uchomaji wa wazi, unaofanywa kwa kuni na nyasi juu ya vyungu, hufikia kati ya nyuzi 600 na 900 na huisha upesi. Unafaa sana kwa chungu cha kupikia, kwani udongo wenye vinyweleo hustahimili moto wa mafiga, lakini buli lililochomwa hivyo hupenyeza chai na kushika harufu. Linahitajika tanuri la matofali lenye dohani, ambalo humwezesha mchomaji kutawala kupanda kwa joto. Saa za mwanzo joto libaki chini ya nyuzi 90 hadi mvuke wote utoke. Kati ya nyuzi 450 na 600 hutoka maji yaliyofungamana na udongo wenyewe, na kwenye nyuzi 573 chembe za kwatzi huvimba ghafla, hivyo kupita hapo kwa pupa, wakati wa kupanda au wa kupoa, hupasua vyombo. Uchomaji wa kwanza huishia nyuzi 900 hadi 1,000.

Kuni za kazi hii zina uzito wa kimaadili. Kasugho ni jirani wa Hifadhi ya Asili ya Tayna, iliyoanzishwa kwa juhudi za wenyeji na kutambuliwa na serikali mwaka 2006, yenye gorila wa Grauer wasiopatikana popote nje ya mashariki mwa Kongo, na Kasugho kwenyewe kuna chuo kikuu kinachofundisha uhifadhi wa mazingira. Tanuri la mfinyanzi lisilishwe kamwe kutoka msitu huo. Mikaratusi iliyopandwa kwa wingi kuzunguka Butembo na Lubero, pamoja na mabaki ya mbao kwa mafundi seremala, hutoa moto mrefu unaofaa, mradi kuni zimekaushwa chini ya paa kwa miezi kadhaa.

Mikaratusi hiyo hutoa pia jivu la kutengenezea glezi, yaani utando wa kioo unaoziba vinyweleo. Kanuni ya zamani inayojulikana kwa wafinyanzi wengi ni sehemu 2 za jivu lililochekechwa, sehemu 2 za unga wa jiwe la feldispa na sehemu 1 ya udongo, lakini mchanganyiko huo huyeyuka karibu nyuzi 1,250, na udongo mwekundu wenye chuma kingi mara nyingi huanza kulegea kabla haujafika huko. Ndiyo maana vipande vya majaribio huchomwa kwanza vikiwa vimelazwa juu ya nguzo mbili: kipande kinachopinda kimefika ukomo wake. Udongo usiofika nyuzi 1,250 bila kupinda huweza kuimarishwa kwa kaolini, udongo mweupe unaostahimili moto, ambayo huchimbwa Mutaka, magharibi mwa Uganda, na huweza kupitia mpaka wa Kasindi. Hata hivyo, barabara zinazokatwa na mvua na vita zinafanya iwe busara kutafuta kwanza udongo mweupe wa karibu. Michael Cardew, Mwingereza aliyeongoza kituo cha ufinyanzi cha Abuja, alieleza katika kitabu chake Pioneer Pottery cha mwaka 1969 namna ya kujenga glezi kutokana na mawe na majivu ya mahali penyewe, na njia yake ya majaribio madogo mengi yanayoandikwa daftarini bado ni bora. Kikalio cha shingo na ukosi wa kifuniko hupakwa nta ya mshumaa ili glezi isishike hapo, na kifuniko huchomwa kikiwa juu ya buli lake ili vipinde pamoja ikibidi.

Risasi isitumiwe kwa namna yoyote. Ni kweli kwamba madini hayo, yanayopatikana kirahisi katika betri mbovu za magari, huyeyusha glezi kwa joto dogo na kuipa mng'ao mzuri, lakini huyeyuka ndani ya kinywaji, hasa chai iliyotiwa limau, na huharibu ubongo wa watoto bila dalili ya mapema. Vivyo hivyo unga mweusi wa betri ndogo za redio haufai kutiwa katika chombo cha kinywaji.

Kabla ya kuuzwa, buli hupimwa. Kipande cha udongo uleule kilichochomwa bila glezi katika tanuri lilelile hupimwa uzito kikiwa kikavu, huchemshwa majini kwa saa mbili, hufutwa na kupimwa tena: kikiongezeka chini ya asilimia 3, udongo umeshikana vya kutosha, kikizidi 10, chombo kinategemea glezi peke yake, na mikwaruzo au nyufa nyembamba zitaivujisha chai. Buli lenyewe hujazwa maji ya moto na kuachwa usiku kucha juu ya karatasi kavu, kisha humiminwa mara kadhaa huku likisimamishwa ghafla, na tone linaloteremka nje ya mdomo huhesabiwa kuwa kasoro ya kurekebishwa katika toleo lijalo kwa kuunoa ukingo. Lililolowesha karatasi huuzwa kama chombo cha maua makavu na kwa bei ya chombo cha maua, na mnunuzi wa lile zima huelezwa kwamba lisuuzwe kwa maji ya moto kabla ya chai na lisiwekwe kamwe juu ya jiko la makaa.